Nilivyofunga Upya Injini ya Lori Nyumbani, na Stadi Zilizonirudisha Nyuma

Bloku, yaani kiwiliwili cha injini, ilikuwa imesharudi kutoka karakana ya kuchonga, imefunikwa nailoni, silinda zake 6 zimejaa mistari ya honi, yaani ya mawe ya kusugulia kuta zake, iliyokatizana kama ukili kwenye mkeka. Nilipanga kulaza krenki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, siku hiyohiyo. Fundi mzee aliyenifundisha kushika spana nilipokuwa kijana alipita kunitazama. Akainua kona ya nailoni, akaingiza kidole kwenye silinda ya kwanza, akakizungusha taratibu. Kisha akageuka na kuziona stadi mpya za hedi, zile nondo zenye meno zinazobana kichwa cha injini juu ya bloku, nilizokuwa nimezipanga mezani.

"Walipokuwa wanahoni, juu ya bloku walifunga nini?"

"Hawakufunga kitu, mzee. Bloku ilikuwa wazi."

"Na hizo stadi ulizipata lini?"

"Wiki iliyopita. Bloku ilikuwa imeshakwenda."

Akanyamaza kidogo. "Sasa mwanangu, ukishazikaza hizo, hizo silinda zitabaki duara?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesoma kitabu cha injini mara mbili, nimenunua vifaa vya nguvu kuliko vile vya mwanzo, nimesafisha banda, nimetandika magazeti mezani. Lakini nilikuwa nimevichukulia vile vifaa kama viungo vya kubadilisha kimoja kimoja: toa cha zamani, weka kipya chenye nguvu, endelea. Swali la mzee lilinionyesha kwamba kila kifaa chenye nguvu zaidi kinakivuta chuma kinachokizunguka, na chuma kikivutwa hubadilika umbo. Kazi yote iliyofuata niliifanya nikiwa na jambo hilo kichwani.

Injini yenyewe ni 6BT ya Cummins, dizeli ya lita 5.9, silinda 6 kwa mstari mmoja, valvu 12. Ilinibeba miaka mingi bila kufunguliwa. Ilipoharibika, kosa lilikuwa langu. Mpira wa chini wa rejeta ulikuwa umevimba, nilikuwa nimeuona, nikajiambia nitaubadilisha nikirudi. Ulipasuka nikiwa napanda mlima na mzigo nyuma. Geji ya joto ilipanda, kisha ikashuka ghafla, nami nikapumua nikidhani injini imepoa. Kumbe maji yalikuwa yameisha. Kile kisensa kinapima joto la maji. Maji yakikauka, kinabaki kwenye hewa na mvuke na hakisomi tena kilichomo ndani ya chuma. Geji ikishuka yenyewe katikati ya mlima, zima injini hapohapo. Mimi nilikwenda mbele kidogo nikitafuta mahali tambarare, na kile kidogo ndicho kilichoniharibia.

Nilipoishusha na kuifungua, gasketi ya hedi ilikuwa imeungua kati ya silinda ya 5 na ya 6, na pistoni ya 6 ilikuwa imejikwangua hadi aluminiamu yake ikaganda ukutani. Nilipitisha kucha juu ya mikwaruzo, ikanasa. Mkwaruzo unaonasa kucha hauondoki kwa honi ya mkono. Injini nyingi za lori zina slivu, mirija ya ndani ya silinda ambayo unaichomoa na kuingiza mpya, lakini hii haina. Pistoni inateleza moja kwa moja kwenye chuma cha bloku. Njia iliyobaki ni kuchonga silinda zote na kuweka pistoni za ovasaizi, yaani kubwa kidogo kuliko za mwanzo. Nilichagua za 0.5 mm.

Hapa niseme jambo ambalo wengi wanalikosea, na mimi nililikosea pia. Nilidhani ovasaizi inaongeza nguvu. Kaa chini upige hesabu: silinda ya 102 mm na mwendo wa pistoni wa 120 mm, mara 6, unapata lita 5.88. Weka 102.5, unapata 5.94. Tofauti ni kama sentimita za ujazo 58 kwa injini nzima, chini ya kikombe kidogo. Ovasaizi inakurudishia ukuta mzima. Nguvu utaitafuta kwingine.

Nami sikuwa natafuta mbio. Nilitaka lori lipande mlima na mzigo bila kuinua hedi, na lishuke mlima bila kuchoma breki za magurudumu. Kwa la kwanza nilinunua stadi badala ya bolti za hedi. Bolti unapoikaza inajipinda na kujinyoosha kwa pamoja, na meno ya ndani ya bloku yanabeba msuguano wa kuzungushwa kwake. Stadi inakaa tuli kwenye bloku. Nati ndiyo inayozunguka juu, kwa hiyo stadi inanyooka bila kujipinda sana, na mkazo unakuwa sawasawa zaidi kutoka moja hadi nyingine. Kwenye hedi hii ziko 26.

Kwa la pili nilitaka breki ya moshi, ile inayoziba bomba la egzosi ili injini yenyewe izuie mwendo. Ukiziba bomba, shinikizo linarudi nyuma hadi kwenye valvu za egzosi na kuzisukuma zifunguke wakati zinatakiwa kufungwa. Springi za kawaida za kufunga valvu hazilimudu, kwa hiyo nikachukua za msukumo wa pauni 60. Muuzaji alinisihi nichukue kali zaidi, akaniambia ni bora. Nilikataa, na ninafurahi nilikataa. Springi kali inakandamiza kamshafti, shafti inayofungua valvu, na tapeti zinazosukumwa nayo kila mzunguko, usiku na mchana, na kwa injini isiyovuka mizunguko 3,000 kwa dakika huo ukali hauna kazi zaidi ya kula chuma.

Turudi kwenye bloku.

Niliirudisha karakana pamoja na stadi zangu na gasketi. Safari hii walifunga juu yake bamba nene la chuma lenye matundu yanayolingana na silinda, wakalikaza kwa stadi zilezile, kwa mkazo uleule nitakaoutumia mimi. Bamba hilo linajifanya hedi. Kisha fundi wa pale akaniita, akashusha geji ya silinda mbele yangu. Silinda ya 3, ambayo bila bamba ilikuwa duara safi, sasa ilikuwa imebanwa 0.03 mm upande mmoja, karibu na juu, pale stadi zinapovuta. Akalegeza nati, mshale ukarudi. Akakaza, mshale ukasogea tena. Nilitazama chuma kigumu cha bloku kikipumua kama kifua cha mtu.

0.03 ni chini ya unene wa unywele. Lakini ringi, ile pete ya pistoni, inatakiwa kuugusa ukuta mzunguko mzima, na pale ambapo ukuta umeikimbia, moshi unapita kwenda chini na oili inapita kuja juu. Ningefunga injini ile, ingewaka vizuri, kisha ingeanza kula oili, nami ningelaumu ringi. Kilichoniokoa ni kwamba mara ya kwanza walikuwa wamehoni kwenye ukingo wa chini wa kipimo kinachoruhusiwa, kwa hiyo ilibaki nafasi ya kuondoa kidogo tena bila kuhitaji pistoni kubwa zaidi. Wakahoni tena bamba likiwa limekazwa.

Nikiwa palepale nilifanya uamuzi mwingine. Nilikuwa nimepanga kuweka stadi pia kwenye vifuniko vya krenki, huku chini. Nilimuuliza yule fundi itakuwaje. Akaniambia hadithi ni ileile: ukibadilisha mkazo, matundu ya beringi za krenki yanabadilika umbo, na itabidi yapimwe na pengine yachongwe kwa mstari mmoja kutoka mbele hadi nyuma. Kwa nguvu niliyokuwa naitaka, bolti za mwanzo zilitosha kabisa. Nilizipima urefu, hakuna iliyokuwa imenyooka kupita kiasi, nikazirudisha.

Kuosha bloku kulinichukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia, na sitaki kulipita haraka. Honi inaacha unga wa jiwe ndani ya ile mistari midogo. Dizeli na petroli haziutoi. Zinaupaka tu na kuulaza. Kinachoutoa ni maji ya moto, sabuni nyingi na brashi ngumu. Unasugua, unasuuza, kisha unapitisha kitambaa cheupe kilicholoweshwa oili nyepesi. Kikitoka na kijivu, unarudia. Silinda ya 2 nilirudia mara 7. Kila tundu la oili nililifungulia vizibo vya ncha zote mbili, nikapitisha brashi ndefu, nikamulika tochi upande mmoja na kutazama upande wa pili. Vile vitundu vidogo vya kurushia oili chini ya pistoni, vinavyozipoza, nilivipitisha waya mwembamba kimoja kimoja, kwa sababu punje moja ikiziba pale pistoni hiyo itaungua peke yake na hutajua mpaka imetoboka. Ukimaliza kuosha, usiende kula. Kausha, paka oili palepale, kwa maana chuma hicho kikiwa kitupu huanza kutu kabla hujakunja kitambaa.

Wakati wa kufungua nilikuwa nimeweka alama kwenye kila kitu, na sasa nilivuna. Kifuniko cha konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, kimechongwa pamoja na konrodi yake. Ukikiweka kwenye nyingine, tundu si duara tena. Vivyo hivyo vifuniko vya krenki. Nilitumia kalamu ya rangi na mifuko yenye namba, na picha za simu kwa mabomba na nyaya. Picha zilinisaidia zaidi ya nilivyodhani, hasa kwenye vile vishikizo vidogo vya mabomba ya nozeli, zile zinazonyunyiza dizeli kwenye silinda, ambavyo vinaonekana vyote sawa na havilingani hata kimoja.

Kuna mpangilio mmoja ambao injini hii haikusamehe ukiusahau. Tapeti zake zina kichwa kipana kama uyoga na zinaingia kutoka chini. Zikitangulia, kamshafti inafuata. Kwa hiyo nililaza bloku juu chini kwenye stendi, nikapaka tapeti mafuta mazito ya kufungia, nikazidondosha kwenye matundu yake, nikaingiza kamshafti kwa mikono miwili pole pole ili isikwaruze, ndipo nikalaza krenki. Na stendi yenyewe iwe ya uzito huo. Injini hii nzima inapita kilo 400. Stendi nyepesi za magari madogo zitakuangushia.

Krenki ilikuwa imepimwa na kung'arishwa tu, haikuhitaji kuchongwa. Shingo zake kuu, zile zinazozunguka ndani ya beringi, ni 83 mm, za konrodi ni 69. Kanuni ambayo mzee alinifundisha zamani ni kwamba nafasi ya oili iwe karibu sehemu moja ya elfu ya kipenyo cha shingo, kwa hiyo nilitegemea kuona karibu 0.08 huku na 0.07 kule, kisha nikalinganisha na mipaka ya kitabu. Nilipima kwa ule uzi laini wa plastiki: unaukata, unaulaza juu ya shingo kavu, unafunga kifuniko kwa mkazo kamili bila kuzungusha krenki, unafungua, unalinganisha upana wa uzi uliobanjika na karatasi yake. Ukibanjika sana, nafasi ni ndogo.

Shingo 6 zilikuja sawa. Ya 4 ilionyesha nusu ya wenzake.

Nilihisi tumbo likinikata. Nikaanza kuwaza krenki imepinda, bloku imepinda, kazi yote bure. Nikatoa beringi, nikaigeuza. Nyuma yake, kati ya beringi na chuma, ulikuwepo uzi mmoja wa kitambaa, umelala umebanwa kama mstari wa kalamu. Nilifuta, nikapima upya, ikawa sawa. Tangu hapo nyuma ya beringi nafuta kwa karatasi isiyotoa nyuzi, na mgongo wa beringi sipaki oili. Oili inakaa upande wa krenki tu.

Ringi nilizipima moja moja ndani ya silinda yake, nikiisukuma kwa pistoni iliyogeuzwa ili ikae bapa. Kitabu kinataka mwanya wa ringi ya juu uwe kati ya 0.40 na 0.70 mm. Zangu nilizipeleka karibu na 0.50, maana lori linabeba, joto linapanda, ringi inarefuka. Ncha zake zikigusana ndani ya injini inayofanya kazi, zinavunja pistoni. Kusaga kunafanywa kwa upande mmoja wa ncha, kuelekea ndani, na kipande kimoja cha kusaga kikizidi hakirudi. Alama iliyochapwa juu ya ringi itazame juu. Pistoni zikaingia zote 6 bila kulazimishwa.

Mbele ya injini, ndani ya kasha la gia, kuna pini ndogo ya chuma inayoweka kasha mahali pake. Inajulikana kwa mafundi wa injini hizi kwamba ikilegea kwa mtikisiko inaweza kuteleza na kuangukia kwenye gia. Yangu ilikuwa imekaa imara, lakini gia zikiwa zimefunguliwa ni dakika chache kuweka kibamba chembamba chini ya bolti iliyo jirani ili kiizuie. Nilikiweka, nikapaka gundi ya nyuzi kwenye bolti, nikalinganisha alama za gia, nikafunga.

Kisha hedi. Kabla ya stadi, matundu yake kwenye bloku lazima yawe makavu kabisa. Maji au oili ikibaki chini ya tundu lisilo na mlango wa pili, haina pa kukimbilia. Stadi ikishuka inaweza kupasua bloku. Nilisafisha meno kwa kifaa cha kusafishia nyuzi, si kwa kile kinachokata meno mapya, kwa sababu kile cha kukata kinaondoa chuma ambacho unakihitaji. Stadi zikaingia kwa vidole tu. Juu nilipaka grisi iliyokuja nazo, kwenye nyuzi na chini ya nati, na nikafuata namba ya mkazo ya aliyezitengeneza, kwa hatua 3, nikianzia katikati na kutoka nje kwa mzunguko. Namba za kitabu cha injini ni za bolti za mwanzo, ambazo zinamalizikia kwa kuzungusha nyuzi 90. Ukizitumia kwenye stadi umepotea. Na ukibadilisha kilainishi, namba hiyohiyo inatoa mkazo mwingine.

Springi mpya nilizipima urefu zikiwa zimefungwa, moja moja. Nafasi za valvu nikaweka 0.25 mm kwa hewa na 0.50 kwa egzosi, injini ikiwa baridi.

Kuiwasha mara ya kwanza nilimwita mzee. Nilikuwa nimejaza kichujio cha oili, nimefunga mlango wa mafuta kwenye pampu ya nozeli ili isiwake, nikazungusha kwa starta, nikapumzisha, nikazungusha tena, mpaka geji ya oili ikainuka. Ndipo nikafungua mafuta, nikalegeza nati za nozeli, hewa ikatoka ikifoka, nikakaza moja moja. Ikashika kwa silinda mbili, tatu, ikatikisika, kisha zote 6 zikaingia na mtikisiko ukaisha.

Sikuiacha inguruma kwa sailensa, yaani polepole bila kukanyaga mafuta. Kamshafti mpya, tapeti mpya na springi ngumu vinahitaji oili inayorushwa na mwendo wa krenki tangu dakika ya kwanza, kwa hiyo niliiweka kati ya mizunguko 1,500 na 2,000 kwa dakika 20, nikiwa na oili ya kuanzia yenye zinki. Mzee alizunguka akigusa mabomba, akitega sikio kwenye kasha la gia. Baadaye lilipotoka barabarani nililipa mzigo mapema. Ringi zinakaa kwa shinikizo. Injini ya dizeli ikibembelezwa siku za mwanzo, ukuta unang'aa kama kioo na oili inaendelea kupita.

Pampu ya nozeli sikuigusa. Naweza kuiongeza mafuta kesho na lori litakimbia, lakini nilianza kwa kufunga geji ya joto la moshi kwenye egzosi, na najizuia nisivuke nyuzi 700 za Selsiasi nikiwa nimevuta mlimani. Aluminiamu tupu inayeyuka kwenye nyuzi 660, na ya pistoni, iliyochanganywa, huanza kuyeyuka chini ya hapo. Kinachoilinda ni kwamba joto hilo haliigusi muda wote, na ile oili inayorushwa kutoka chini. Stadi hazipozi pistoni. Na tayari nimeona kinachofuata kwenye foleni: klachi inateleza kidogo nikianza kupanda na mzigo kamili, jambo ambalo injini ya zamani haikuwa na nguvu ya kulifichua.

Mpira wa chini wa rejeta ni mpya, na wa akiba uko nyuma ya kiti.

Kila ninapobadilisha oili nakata kichujio, nakunjua karatasi yake juani. Cha kwanza kilikuwa na vumbi la chuma linalometameta, kama inavyotarajiwa. Cha pili kilikuwa na chembe za kuhesabika. Cha tatu nilikikata jana na kumpelekea mzee. Aliigeuza karatasi pande zote mbili, akaipitisha sumaku, akaitazama sumaku, akanirudishia bila kusema kitu, kisha akaniuliza klachi naishusha lini.